Regilateri ya Madamu Dévote

Yasmina alipotoka shule hakuwa mtu wa kuzurura njiani. Alifika nyumbani, akavua sare na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akala kilichofunikwa mezani, akasali Alasiri, kisha akaingia karakana. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao mtaani Buyenzi, jijini Bujumbura. Fundi wake alikuwa mama yake, Saliha.

Wageni wasiomjua Saliha walisimama mlangoni, wakatazama huku na huku, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Unaongea naye." Alisomea umeme kwenye shule ya ufundi, akafanya kazi kiwandani miaka mingi, halafu akaamua kujitegemea. Viwanda vya Zone Industrielle vilimletea mota zilizoungua, pampu zilizogoma na vyombo vya kuongozea mashine ambavyo mafundi wengine walivikataa.

Yasmina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa vumbi. Alikuwa na brashi ya rangi iliyooshwa vizuri na kitambaa kikavu. Kila chombo kilichotengenezwa kilipita mikononi mwake kabla ya kurudi kwa mwenyewe, ili kirudi kikiwa safi. Sharti lilikuwa moja tu. "Vumbi la nje ni lako," mama yake alimwambia. "Vya ndani uniachie mimi."

Siku moja alikuta mezani kisanduku cheusi, kikubwa kidogo kuliko tofali, kimefunguliwa mfuniko.

"Hiki nini, Mama?"

"Regilateri. Ni ya kiwanda cha maziwa cha Madamu Dévote. Kioo chake kilizimika, nimekibadilisha."

"Inafanya nini?"

Saliha alipenda kuulizwa. Aliweka bisibisi chini. "Maziwa yakitoka kwa wafugaji huwa na vijidudu. Kwa hiyo kiwandani yanapashwa moto mpaka nyuzi sabini na mbili, ndipo yatiwe kwenye vifuko. Regilateri ndiyo inayolinda hilo joto. Likipungua, inawasha moto. Likifika, inawasha taa ya kijani, na mfanyakazi anajua sasa anaweza kufungua bomba."

"Nani anaiambia kwamba ni sabini na mbili?"

"Madamu Dévote, akiwa ofisini kwake, mbali na mashine. Ana kisanduku cha kuagizia chenye kitufe cha kuzungusha kuanzia sifuri hadi mia. Akizungusha mpaka sabini na mbili, kisanduku kinatuma umeme kidogo sana kwenye waya mrefu. Regilateri inaupima ule umeme, inajua ameagiza joto gani."

Kisha Saliha akawasha tochi ndogo na kumulika ndani. Kwenye kona palikuwa na swichi nne nyeupe zilizopangwa mstari, kila moja ndogo kama punje ya mchele.

"Sasa tazama hizi. Visanduku vya kuagizia havifanani. Kimoja hutuma ishara kwa volti, kingine kwa miliampia, kipimo cha umeme mdogo. Na hata vile vya miliampia, kuna vinavyoanza sifuri kwenda ishirini, na kuna vinavyoanza nne kwenda ishirini. Cha Madamu Dévote kinaanza sifuri. Hizi swichi ndizo zinazoiambia regilateri isikilize kwa namna gani. Ukizikosea, hakuna kitakachoungua wala kupiga kelele. Mashine itakwenda vizuri kabisa, ila kwa hesabu za uongo."

Aliunganisha regilateri na kifaa chake cha kupimia, akazungusha, akasoma namba, akazungusha tena. Kila alichoagiza ndicho kilichotokea kwenye kioo. "Alhamdulillah," akasema. "Iko sawa." Akaikata kwenye umeme. Papo hapo mteja akamwita kutoka nje kuhusu pampu yake. "Pangusa mfuniko vizuri," akamwambia Yasmina akitoka. "Nikirudi nafunga."

Yasmina alipangusa mfuniko mpaka ukang'aa. Mama alikuwa bado anaongea nje. Ndani ya regilateri, kandokando ya zile swichi nyeupe, aliona utando wa vumbi jekundu, na ulimkera macho. Alifikiri mama atafurahi akikuta hata mle ndani ni safi. Akaingiza ncha ya brashi, akafagia mara moja, taratibu. Akasikia, tik.

Swichi ya tatu ilikuwa imelala upande wa chini. Je, mwanzo ilikuwa juu? Au ilikuwa chini, na iliyolia ni nyingine? Aliisukuma kwa ukucha ikapanda, akairudisha ikashuka. Alijaribu kukumbuka jinsi zilivyokuwa mama alipomulika kwa tochi, lakini wakati ule alikuwa anasikiliza maelezo tu, hakuangalia mpangilio. Akasikia kandambili za mama zikirudi. Akaondoa mkono, akaiacha swichi kama ilivyokuwa.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Hukugusa ndani?"

"Apana, Mama."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Saliha aliweka mfuniko, akakaza parafujo, akaifunga regilateri kwenye gazeti. Kwa kawaida alikwenda kufunga vyombo mwenyewe viwandani, lakini safari hii pampu ya yule mteja ilikuwa ya haraka. Dereva wa kiwanda cha maziwa akaja kuichukua regilateri, nyaya zake zikiwa na alama ili yeyote aweze kuzirudisha mahali pake. Kesho yake walipiga simu kusema taa imewaka na kazi inaendelea. Yasmina aliposikia hivyo alipumua. Akajiambia kwamba swichi ilikuwa pale pale tangu mwanzo, na kufikia mwisho wa wiki alikuwa ameshaisahau.

Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, Madamu Dévote alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kuongea mbele ya mashine. Siku hiyo sauti ilikuwa chini. Alikaa kwenye kigoda bila kungoja kukaribishwa, huku Yasmina akipanga parafujo kwenye makopo pembeni.

"Mama Yasmina, nina shida," alisema. "Maziwa yangu yanaharibika. Maduka ya Mutanga Sud yananirudishia vifuko vimeganda kabla ya jua kuzama. Hilo ningelivumilia. Lakini kuna shule ya chekechea kule Kamenge inayonunua kwangu. Watoto wameumwa tumbo. Wawili walipelekwa hospitali."

"Mungu wangu! Wako namna gani sasa?"

"Wamerudi nyumbani, wanacheza. Lakini mimi usingizi umepotea. Nimeyapima maziwa kwa dawa, na dawa inaonyesha hayakuiva. Kisanduku changu ofisini kinasema sabini na mbili, kila siku sabini na mbili. Na Bahizire, yule anayesimamia mashine, ananiambia eti yeye kwenye kioo aliona sitini na tano. Nikamwuliza, kama uliona sitini na tano, ulifungua bomba kwa nini? Ananijibu taa ya kijani iliwaka."

"Taa haiwaki kabla joto halijafika," Saliha alisema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Regilateri inaweza kuwa na kasoro?"

Saliha alitazama meza, mahali kile kisanduku kilipokuwa kimekaa. "Niliipima kwa mikono yangu, Madamu, hapa hapa. Ilikuwa sawa. Kazi yangu naijua."

Madamu Dévote aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anatarajia jibu hilo. "Basi ni yeye. Alikuwa anafungua mapema ili awahi kwenda nyumbani, halafu ananitungia mambo ya taa. Leo asubuhi nimemwambia asirudi. Jumamosi nitasimamia mashine mwenyewe, maana Jumatatu watoto wa Kamenge wanangoja maziwa."

Kopo lilimteleza Yasmina mkononi na parafujo zikatawanyika sakafuni. Aliinama kuziokota, na akakaa chini huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yasmina alimjua Bahizire. Alikuwa baba wa Consolée, na Consolée ndiye aliyekaa naye dawati moja tangu mwaka wa pili.

Siku ya Ijumaa Consolée alikuja shule amechelewa. Hakuinua mkono hata mara moja, yeye ambaye kwa kawaida mwalimu humwambia ashushe mkono awaachie wengine. Wakati wa mapumziko waligawana mkate kama kawaida, lakini Consolée aliushika tu.

"Papa amefukuzwa kazi," alisema. "Wanasema ni mwongo. Wanasema amewapa watoto sumu."

"Pole," Yasmina alisema.

"Amekaa kitandani tangu jana. Anarudia maneno yale yale tu, 'Taa iliwaka, niliona sitini na tano, taa iliwaka.' Jana jioni alimwuliza Mama kama macho yake yameanza kuharibika. Mama anasema tukikosa kazi hapa tutarudi Uvira kwa bibi." Consolée alimgeukia. "Wewe unamwamini Papa?"

"Ndiyo," Yasmina alisema.

"Ni wewe peke yako." Akainuka kwenda kunywa maji.

Yasmina alibaki amekaa nyuma ya darasa. Sabini na mbili, sitini na tano. Namba hizo mbili zilikuwa zimemganda kichwani tangu jana. Wiki hiyo walikuwa wanajifunza asilimia, na hesabu ndilo somo alilolipenda. Akachukua kijiti, akaanza kuandika kwenye udongo, polepole.

Kisanduku cha ofisini kinaanza sifuri kwenda ishirini. Ukiagiza sabini na mbili katika mia, kinatuma sehemu hiyo hiyo ya ishirini, yaani miliampia kumi na nne nukta nne. Hapo ni sawa. Lakini je, kama regilateri inasikiliza kuanzia nne? Nne za kwanza haizihesabu. Akatoa nne, zikabaki kumi nukta nne. Na kutoka nne mpaka ishirini ni kumi na sita. Akagawa kumi nukta nne kwa kumi na sita, akazidisha kwa mia. Alirudia mara mbili, kwa kuwa alitamani jibu liwe lingine.

Sitini na tano.

Basi Papa Consolée aliona alichokiona. Madamu aliagiza sabini na mbili, regilateri ikasikia sitini na tano, ikapasha mpaka sitini na tano, ikaridhika, ikawasha taa. Kila mtu pale kiwandani alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Aliyekosea alikuwa amekaa hapa na kijiti mkononi.

Alifuta namba kwa kiatu. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Jumamosi Madamu atasimama mwenyewe mbele ya mashine, na huenda akagundua. Huenda watamwita Mama, naye akifungua atadhani labda dereva aliigonga njiani. Lakini akakumbuka jinsi Mama alivyosema jana, "Kazi yangu naijua," na jinsi Madamu alivyoliamini neno lile. Na kama Madamu asipogundua, basi Jumatatu wale watoto watakunywa tena. Consolée alikuwa anarudi kutoka bombani huku akijifuta midomo kwa kiganja. Yasmina alifungua kinywa amwambie. Kengele ikalia, naye akakifunga.

Siku hiyo alikimbia njia nzima. Alipita jikoni bila kutazama chakula, akaingia karakana akiwa na sare. Saliha alikuwa anachomelea waya kwa risasi.

"Mama, ile regilateri ya Madamu Dévote. Niligusa ndani."

Saliha aliinua chuma cha moto akakiweka kwenye kishikio chake. Akachomoa plagi ukutani. Ndipo akamtazama.

"Uligusa nini?"

"Swichi ya tatu. Nilikuwa nafagia vumbi, ikalia tik. Sikujua kama ilikuwa juu au chini, nikaiacha. Nimepiga hesabu leo, Mama. Ikisikiliza kuanzia nne, sabini na mbili inakuwa sitini na tano. Papa Consolée alisema kweli."

"Nilikuuliza siku ile," Saliha alisema. "Ulinijibu nini?"

"Nilisema apana."

Yasmina alitegemea kugombezwa. Badala yake mama alichukua mfuko wake wa vifaa na mita ya umeme, akajitanda ushungi vizuri.

"Hujavua viatu. Vizuri. Tunakwenda."

Kabla ya kutoka alimpigia Madamu Dévote na kumwomba amwite Bahizire kiwandani. "Sitaeleza kwenye simu," alisema. "Mwite tu, Madamu, nakuomba."

Kutoka Buyenzi hadi Zone Industrielle si mbali, walikwenda kwa miguu. Malori yalipanga foleni kwenye maghala, na hewa ilinuka sabuni na mafuta ya mawese. Walipovuka barabara Saliha alimshika binti yake mkono, kama alivyokuwa akifanya Yasmina alipokuwa mdogo, na hakuuachia mpaka wakafika getini.

Madamu Dévote aliwapokea akiwa amevaa buti nyeupe za mpira. Nyuma yake lilisimama tangi la kupashia maziwa, na kando ya tangi kabati la umeme. Baada ya muda mfupi Bahizire aliingia akisukuma baiskeli. Consolée, aliyekuja naye, alikuwa ameshuka kwenye kiti cha nyuma. Alipomwona Yasmina alishangaa, akatabasamu kidogo.

"Madamu," Saliha alianza, "jana uliniuliza swali, nami nikakujibu kwa kitu ambacho nilikuwa sijakihakikisha. Nilisema regilateri iko sawa. Kumbe nilijua tu kwamba ilikuwa sawa mezani kwangu. Lakini kabla sijaendelea, binti yangu ana neno."

Wote walimgeukia. Yasmina alitamani aangalie sakafu, lakini aliona kwamba Bahizire anamtazama, akajilazimisha kumtazama naye. Akasema yote: brashi, vumbi, ile swichi, na jibu alilompa mama yake. Alipomaliza, tabasamu la Consolée lilikuwa limekwisha.

"Mana yanje," Madamu Dévote alimwita Mungu kwa Kirundi, akashika kichwa.

"Tuhakikishe kwanza," Saliha alisema. "Safari hii sitaki kusema kitu nisichokiona. Madamu, nenda ofisini, agiza sabini na mbili."

Madamu alikwenda, akapiga kelele kutoka dirishani kwamba tayari. Saliha alifungua kabati, akaunganisha mita kwenye waya unaotoka ofisini, akamwita Bahizire asome. Mita ilionyesha kumi na nne nukta nne. Kwenye kioo cha regilateri, joto lililoagizwa lilikuwa sitini na tano.

"Ni hiyo," Bahizire alisema polepole. "Ni hiyo nilikuwa naona kila siku. Mi sikuota."

Saliha alizima umeme wa kabati zima, akajaribu kwa tesita kuona kama kweli umezimika, ndipo akaitoa regilateri na kufungua mfuniko. Alimulika kwa tochi. Swichi ya tatu ilikuwa imelala chini. Aliipandisha kwa ncha ya bisibisi. Tik. Akafunga, akarudisha, akawasha. Kioo kikaandika sabini na mbili.

Hata hapo Saliha hakuridhika. Aliomba tangi lijazwe maji badala ya maziwa, na mashine iwashwe. Walisimama wakingoja joto lipande. Taa ya kijani ilipowaka, Bahizire alichota maji kwa chombo, Madamu Dévote akatumbukiza kipimajoto chake mwenyewe. Alikisoma, akampa Bahizire naye akisome.

"Sabini na mbili," Bahizire alisema.

Yasmina akamsogelea. "Papa Consolée, naomba unisamehe. Nilikosa, nikaficha, na wewe ndiye uliyeadhibiwa."

Bahizire alikuwa mtu mpole. Alikifuta kile kipimajoto kwa pindo la shati lake. "Mutoto wangu," alisema, "ile swichi si kitu. Mukono wa mutu unaweza kuteleza, hata wangu. Lakini mi nimekaa siku mbili najiuliza kama nimepata wazimu. Mutu akikwambia hukuona kile umeona, na wote wanamukubali, we unaanza kuogopa macho yako mwenyewe. Hiyo ndiyo iliniumiza." Akamrudishia Madamu kipimajoto. "Nimekusamehe. Umekuja mwenyewe, na hakuna mutu alikuwa amekuona."

"Na mimi nakuomba msamaha, Bahizire," Madamu Dévote alisema. "Kesho rudi kazini. Na siku hizi ambazo hukuwepo zitahesabiwa kama ulikuwepo."

"Asante, Madamu. Lakini nina ombi." Bahizire alielekeza kidole uani, ambako wafanyakazi walikuwa wakiosha madebe huku wakitega masikio. "Nilipoitwa mwongo, hawa wote walikuwa wanasikia. Naomba na hili walisikie."

Madamu Dévote alitazama uani, akavuta pumzi. Halafu akatoka, akapiga makofi kuwaita, na kwa ile sauti yake ya mbele ya mashine akawaambia kwamba Bahizire alisema kweli tangu mwanzo, kwamba kosa halikuwa lake, na kwamba yeye Dévote alimhukumu kabla ya kuangalia. Akaongeza kwamba Jumatatu atakwenda Kamenge yeye mwenyewe kuwaeleza wazazi wa watoto wale. Mfanyakazi mmoja alimpiga Bahizire begani. Mwingine alichukua baiskeli yake akaiegemeza vizuri kivulini.

Saliha naye akapendekeza jambo, na wote wakakubaliana. Kila asubuhi, kabla tone la maziwa halijaingia tangini, mtu wa ofisini atasoma namba yake kwa sauti na mtu wa mashine atasoma yake. Zikitofautiana hata kidogo, mashine haiwashwi, bila kujali ni nani anayeona vibaya.

Consolée alikuwa amesimama peke yake karibu na geti. Yasmina alimfuata.

"Leo asubuhi, uliponiambia unamwamini Papa," Consolée alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa kujua. Ulipokwenda kunywa maji ndipo nikapiga hesabu, nikajua."

"Na niliporudi hukuniambia."

"Niliogopa."

Consolée alichora mstari mchangani kwa kidole cha mguu. "Jumatatu nitakaa na wewe," alisema mwishowe. "Leo sitaki kuongea." Akaenda kupanda nyuma ya baiskeli ya baba yake. Yasmina aliona kwamba hilo lilikuwa haki yake.

Jua lilikuwa limeshuka juu ya milima ya Congo wakati mama na binti walipoanza kurudi. Walitembea wakiyapisha malori. Kisha Saliha akasema, "Nimekasirika na wewe, Yasmina. Lakini sehemu ya kosa hili ni yangu."

"Yako, Mama?"

"Nilikuuliza kama umegusa, na jibu ulilonipa ndilo nililotaka kulisikia, kwa hiyo sikufungua tena kuangalia. Halafu Madamu alipokuja, niliona aibu kusema 'labda'. Nikaitetea kazi yangu, na mtu mwingine ndiye akabebeshwa mzigo. Fundi hapaswi kufanya hivyo." Alihamisha mfuko wa vifaa kwenye bega la pili. "Sasa nisikilize. Ungeniambia siku ile ile, ningeipandisha swichi kwa bisibisi, ningekugombeza kidogo, na kabla ya Magharibi tungekuwa tumesahau. Swichi yenyewe haikuwa shida kubwa. Ile 'apana' yako ndiyo iliyotoka chumbani kwetu ikafika Kamenge, kwenye vikombe vya watoto usiowajua. Na ilipofika huko, hukuweza tena kuiita irudi."

Yasmina alijifuta macho kwa mkono wa sare.

"Kukosea utakosea tena," Saliha aliendelea. "Mimi mwenyewe bado nakosea. Ukikosea, sema. Sema mapema, ukiwa bado unaogopa, maana ukingoja mpaka woga uishe, mtu mwingine atakuwa ameshaumia. Leo umesema ukiwa unaogopa. Ulichelewa, lakini umesema, na hilo nimeliona."

"Mama, bado naruhusiwa karakana?"

"Unaruhusiwa. Tena nitakufundisha kupima, kwa sababu hesabu ile uliyoipiga kuna mafundi wakubwa wanaoikosea. Ila kuanzia leo, nikikuuliza swali, usinijibu mbiombio. Fikiri kwanza, halafu uniambie kweli. Tumeelewana?"

Yasmina alifikiri kwanza, kama alivyoagizwa. "Tumeelewana," alisema.

"Haya. Umekula tangu asubuhi?"

Akafikiri tena. "Apana, Mama. Kipande cha mkate tu, na sikukimaliza."

Saliha akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na wote wawili wakaongeza mwendo.